Mkono wa Mama na Heshima ya Ilongero

Nilifunga safari kutoka Dodoma kwa sababu ya picha iliyotumwa kwenye simu: mama yangu, aliyepata kiharusi miezi mitatu iliyopita, amekaa kama bibi harusi huku wifi Rehema akimlisha uji. Kaka Elia aliandika chini, "Mama anatunzwa." Nilikasirika. Mtaalamu wa mazoezi alishatuambia kwamba mkono wa kulia bado una uhai kidogo, na usipotumika utapotea.

Jumamosi saa nane mchana nilishuka stendi ya Singida, nikapanda bodaboda hadi Ilongero. Dereva aliutazama uso wangu, akaniuliza kama nakwenda msibani.

Nyumbani, Kaka alinipokea na kopo la unga wa kijani alilouziwa mnadani na mtu aliyevaa koti jeupe.

"Hii inakuza mishipa ya fahamu, mdogo wangu. Mama apumzike tu."

Nafundisha baiolojia, kunyamaza sikuweza. Nilimwambia ubongo hutengeneza mbolea yake wenyewe, ila hauimwagi ovyo kama yeye shambani. Seli zinazopitishiana umeme kila mara, maungio yao hupata mbolea hiyo yakaimarika. Yanayokaa kimya hunyimwa, yakanyauka.

"Kwa hiyo dawa yako ni kazi? Mama afanye kazi na wifi yako yupo?" Aliuliza kana kwamba nimesema tumuuze.

Asubuhi yake nilimfunga mama mkono mzima, wa kushoto, kwa kanga, nikamwekea maharage ayachambue kwa wa kulia. Chai haijachemka, majirani wamejaa uani. "Kamfunga mzazi wake!" Mtendaji wa kijiji alikuja na daftari. Watu ambao hawakuwahi kumwachia mama hata kijiko sasa walinifundisha upendo.

"Niacheni," mama akasema kwa ulimi mzito. "Nachambua."

Siku ya tano aliangusha bakuli zima la maharage, akalia. Nami nililia, jikoni, nisionekane. Niliogopa kwamba nimechelewa.

Wiki mbili za likizo zilipokwisha, niliinama kumwamkia mama na kumuaga. Vidole vya mkono wa kulia vilikuja kimoja kimoja, vikanishika, vikanifinya.

"Hiyo ni ya kunifunga mbele za watu," akasema.

Nilirudi Dodoma na somo ambalo sikuwahi kuliandika ubaoni: kwetu mgonjwa anaweza kuheshimiwa mpaka akalemaa, na anayetaka kumwokoa ajiandae kuitwa mtoto asiye na adabu. Finyo lenyewe lisingemwamsha kuku. Nililia kwa furaha ndani ya basi hadi tukapita Ikungi.