Dua ya Mama Haikupata Ujumbe

Wingu lile lilianzia upande wa visiwani baada ya chakula cha mchana, jeusi kama sufuria ya kuni. Sikuogopa. Kazi yangu katika ofisi ndogo ya wavuvi pale Igogo ilikuwa hiyohiyo: taarifa ya upepo mkali ikija, naendesha skripti, yaani mistari michache ya amri niliyoikuta kwenye kompyuta, nayo inawatumia manahodha wote ujumbe warudi. Nikabonyeza. Ikamaliza kimya, wala haikulalamika. Nikajimiminia chai.

Mara akaingia mwenyekiti wetu, mzee aliyeacha uvuvi kwa sababu ya mgongo, ametoka mwaloni, pale ufukweni mitumbwi inapotia nanga, anahema.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Mwanangu, Tumaini imerudi, Baraka imerudi. Mbona Dua ya Mama siioni?"

Chai ilinipalia. Dua ya Mama ndio mtumbwi anaofanyia kazi kaka yangu, kaka yangu wa pekee, aliyenisomesha kwa mikono iliyochanikachanika na nyavu. Simu yake humwachia wifi nyumbani. Kule ziwani mwenye simu ni nahodha tu, kaifunga kwenye mfuko wa plastiki na kuining'iniza shingoni.

Kila mtumbwi una faili lake, na ndani yake namba ya nahodha. Nikafungua la kwao, nikapiga kwa simu yangu. Haipatikani. Nikatuma ujumbe kwa namba hiyohiyo: geuzeni sasa hivi, upepo unakuja. Yote niliyaandika mbiombio. Haya, nikajisemea, langu nimelifanya, mtandao ukishika ataupata. Mabati yakaanza kupigapiga juu yetu.

"Na Mungu Yupo je?" Mzee hakuwa ameondoka mlangoni. "Na Asante Sana Bibi? Nao siwaoni."

Loo, nilikasirika! Nilimkasirikia mzee, kompyuta, na yule jamaa aliyeandika skripti kisha akahamia zake Dar. Nilitaka kukimbilia ufukweni kumtazamia kaka yangu, basi. Lakini na kwenye mitumbwi ile mingine walikuwemo kaka za watu. Nikavuta kiti.

Nikaisoma skripti mstari kwa mstari. Katikati nikakuta amri inayosema ujumbe wowote wa makosa utupwe, usionyeshwe. Yaani mtu mzima na akili zake anaiziba mashine mdomo! Nikaufuta mstari huo, nikaiendesha tena. Safari hii ikafunguka: hakuna faili linaloitwa Dua. Hakuna faili linaloitwa ya. Hakuna faili linaloitwa Mama.

Hapo nikaelewa. Huku kwetu mtumbwi haupewi jina tu, unaandikwa ubavuni sala nzima au shukrani nzima. Skripti, kila ilipokuta nafasi kati ya maneno, ilidhani jina limeishia hapo. Mitumbwi ya neno moja iliipata. Yenye maneno mengi iliikatakata vipandevipande, na siku zote ilikuwa hivyo, ila hatukuwahi kupata upepo wa kutuumbua.

Dawa yake ni ndogo mno: alama za nukuu, moja mwanzoni mwa jina na moja mwishoni. Nikaweka ya mwanzo, nikasahau ya mwisho, ikanigomea. Hapo nililia, jamani, nililia kwa sauti mbele ya mzee, naye akawa anasema tu, "Taratibu mwanangu, taratibu." Nikaongeza ya pili, nikaendesha. Majina yakapita mazimamazima: Asante Sana Bibi, imetumwa. Dua ya Mama, imetumwa. Mungu Yupo, imetumwa.

Nikakimbia mwaloni bila mwavuli. Mvua ilikuwa inapiga kwa ubavu, na ziwa halionekani hata hatua chache mbele. Simu ikatetema mfukoni. Nikaikinga kwa kiganja nikasoma: "Ndugu, umekosea namba. Mimi niko Dodoma, huku nigeuze nini?"

Nikaitazama namba niliyoiandika. Tarakimu mbili nilizipishanisha. Nikakaa palepale kwenye matope. Kumbe ujumbe wangu mwenyewe haukumfikia kaka yangu, na ule wa ofisi sikujua kama umefika. Nilibaki nalitaja jina lake, basi, sikuwa na sala nyingine.

Asante Sana Bibi ilitangulia, ikafuata Mungu Yupo. Mwishowe nikaona watu wanachota maji kwa ndoo ndani ya mtumbwi uliozama nusu, na mmoja wao nilimjua kwa mabega. Akaruka majini, akaja ananicheka huku meno yanagongana.

"We mtoto, mbona umeloa kuliko sisi tuliotoka ziwani?"

Nilimng'ang'ania shati. Nikamwomba nahodha simu yake. Akaitoa kwenye plastiki, akanionyesha ujumbe uliowageuza. Ulikuwa mmoja tu, ule wa ofisi, tuliowatumia wote.