Foleni ya Kusifiwa

Sipendi kusifiwa mbele ya watu, na anayeniuliza sababu mimi humwambia nimezoea kufanya kazi bila makofi. Hiyo ni nusu ya ukweli. Nusu ya pili ilitokea Nakuru, katika miaka ya hali ya hatari, zama za ukoloni, kwenye kiwanja kilichokuwa mbele ya chumba chetu cha vitabu.

Chumba hicho kilikuwa ubavuni mwa ukumbi wa lokesheni, mtaa waliotengewa Waafrika. Serikali ilikiita maktaba ya umma, ingawa umma wenyewe ulikuwa sisi tu, maana Wazungu walikuwa na yao huko mjini, na sisi hatukuingia humo ila kwa ndoo na kitambaa cha kupigia deki. Yetu ilikuwa na sakafu ya saruji, rafu zilizoungwa kwa mbao za masanduku, na mabenchi mawili ambayo wanaume waliyakalia tangu mlango unapofunguliwa mpaka unapofungwa, wakisoma gazeti moja kwa zamu. Wanawake waliketi chini. Saruji ya Nakuru mwezi wa Julai si kitu cha kukalia. Baridi yake hupanda mgongoni ikaja kutulia kwenye meno.

Nilikuwa nimeolewa karibuni na karani wa reli, nikaletwa mjini kutoka upande wa Kuresoi, kwenye viazi na ukungu. Sikuwa na mtoto bado, sikuwa na shamba, na kuta za nyumba za reli zilikuwa zimeanza kunisemesha. Nikaenda kujitolea. Nilidhani nitakaa nikisoma kama bibi wa misheni, kumbe kazi ilikuwa kupangusa vumbi. Kiangazi kikishika, upepo huinua magadi meupe kutoka ufuoni mwa ziwa na kuyamwaga juu ya mji mzima, na kufikia mchana vitabu vyote vimekuwa na rangi moja. Unaanza rafu ya juu, ukifika ya chini, ya juu imeshapauka tena. Tulibandika pia kurasa zilizochanika kwa uji wa ngano, kisha tukazianika juani upesi kabla panya hawajapata habari.

Mwenzangu wa karibu katika kazi hiyo alikuwa mwanamke mrefu aliyenizidi umri kidogo, mwenye mtoto mchanga mgongoni kila saa. Asubuhi aliuza sukuma na vitunguu, mchana akaja kwenye vitabu. Mumewe alikuwa amechukuliwa. Siku zile hukuuliza amechukuliwa na nani, wala amepelekwa wapi. Ukiambiwa mtu amechukuliwa, ulisema pole ukaendelea na kitambaa chako.

Yeye alikuwa na kazi nyingine ambayo hakuna aliyempangia. Wanawake wengi wa lokesheni walikuwa na waume katika kambi za kizuizini, na mara mojamoja barua ilifika. Wengi hawakujua kusoma. Mimi nilijua, lakini ni nani atakayempa mgeni asiyejua hata lugha ya nyumbani kwao barua ya mumewe? Walimpelekea yeye. Alikuwa na kona yake nyuma ya rafu ya mwisho, akiketi na mwenye barua goti kwa goti, akisoma kwa sauti ambayo hata mtoto mgongoni mwake hakuisikia vizuri. Akimaliza aliikunja karatasi palepale ilipokunjwa awali, akairudisha, akasema, "Mimi sijasikia kitu." Alisema hivyo kila mara, kama watu wengine wanavyosema amina.

Tulikuwa na memsaabu aliyekisimamia chumba hicho, mke wa ofisa fulani wa Kizungu. Nisimsingizie, alikuwa mtu mwema. Masanduku ya vitabu yakifika kwa treni aliyafungua mwenyewe kwa nyundo, na aliwahi kututetea pale askari mmoja alipotaka kuufunga mlango kwa sababu watu walikuwa wanacheka sana ndani. Lakini asiyejua maana haambiwi maana. Siku moja akatutangazia kwamba wanaojitolea watashukuriwa rasmi, na aliyetia fora kuliko wote atapewa zawadi. Ruhusa ya watu kukusanyika angeitafuta yeye.

Kusema kweli nilitarajia nitakuwa mimi. Nilivaa viatu.

Watu walikuja wengi, maana ilisemekana kuna chai na mkate wenye siagi. Waliketi kwenye majani pembeni mwa kiwanja. Palikuwa na meza yenye kitambaa cheupe, Wazungu wawili watatu kwenye viti, na askari kwa sababu kila mkusanyiko ulikuwa na askari. Memsaabu alisimama na glavu zake nyeupe, akatuita sisi wa kujitolea, wanawake na wanaume wachache, kwa Kiswahili chake cha mashambani.

"Sasa nyinyi yote simama laini moja. Angalia mbele. Hapana ongea."

Tukajipanga. Nilisikia kitu kama pumzi ikivutwa na watu wengi kwa pamoja, nikadhani ni adabu. Memsaabu akaanza kupita mbele yetu polepole, akimtazama kila mmoja usoni, akitabasamu. Nadhani ndivyo walivyofanya kwao, kuwarusha watu roho kidogo ili furaha iwe kubwa. Alinipita. Viatu vyangu havikusaidia. Akafika kwa mwenzangu aliyekuwa kulia kwangu, akasimama, akanyoosha mkono, akamgusa bega.

Mwenzangu hakupiga kelele. Alivuta ncha moja ya leso aliyombebea mtoto, fundo likafunguka kwa mvuto mmoja tu, mtoto akateleza ubavuni mwake na kabla sijaelewa alikuwa mikononi mwangu. Kisha aliweka mikono juu ya kichwa, akapiga hatua moja mbele, akachutama.

"Anakunywa uji mwembamba," akaniambia bila kugeuka. "Mzito anatapika."

Pembeni mwanamke mmoja alianza kulia kwa sauti ya msibani. Wengine walikuwa tayari wameinuka, wanavuta watoto mikono, wanaondoka bila kukimbia, maana anayekimbia hupigwa risasi. Chai ilibaki kwenye sufuria. Memsaabu alikuwa bado amenyoosha mkono, tabasamu lingali usoni kwa sababu lilikuwa halijajua liende wapi.

Mimi nilisimama na mtoto wa watu. Nilidhani mwenzangu amepatwa na wazimu wa furaha. Ni mwanamume aliyekuwa upande wangu wa kushoto, fundi viatu, aliyenieleza kwa kunong'ona. Katika kiwanja kilekile, kabla sijaletwa mjini, watu wa lokesheni walikuwa wamepangwa foleni hivyohivyo. Mtu wa kuwachongea wenzake, aliyevikwa gunia kichwani lenye matundu mawili ya macho ili asijulikane, alipitishwa mbele yao polepole. Hakusema neno. Aliyeguswa naye bega alipanda lori la kambini. Mume wa mwenzangu aliguswa bega.

Nilimtazama memsaabu na glavu yake.

Hakuna aliyemweleza. Alidhani mshindi wake amezidiwa na heshima, akamwinua kwa upole, akamkabidhi zawadi. Ilikuwa blanketi, jekundu, zito, lenye mstari mweusi, blanketi ambalo hata karani wa reli asingelinunua bila kulifikiria mara mbili. Wazungu wakapiga makofi. Mwenzangu alilipokea kwa mikono miwili, akasema asante, na macho yake hayakuwa yakitazama kitu chochote.

Hofu ilipopita ndipo balaa lenyewe lilipoanza. Watu walikuwa wamemwona ameguswa na hakupanda lori. Ameguswa, akapewa blanketi. Sasa walitaka kujua amepewa kwa kazi gani. Kwa vumbi? Nani hupewa blanketi la namna ile kwa sababu ya vumbi? Na ni nani aliyekuwa akijua yaliyomo katika kila barua ya lokesheni nzima? Kikulacho ki nguoni mwako, walisema bombani tulikoteka maji, tena kwa sauti ya kutosha asikie. Wengine walisema ameuza barua za wenzake ili mumewe arudi.

Kona ya nyuma ya rafu ikakaa tupu. Wanawake waliingia, wakamwona, wakaweka mkono kifuani pale barua ilipofichwa, wakatoka. Wanaume wa benchi walinyamaza alipokuja na kitambaa. Vitunguu vyake vilirudi nyumbani kama vilivyotoka. Nilikasirika mpaka nikataka kwenda bombani kuwatukana, naye akanikataza.

"Mboga nitauza hata Njoro," alisema. "Lakini wakiamini mimi ni gunia, huyu mtoto atakuwa mtoto wa gunia. Baba yake akirudi atakuta mji gani?"

Siku chache baadaye nilimkuta amelitandaza lile blanketi kwenye sakafu ya maktaba, mbele ya kila mtu, ameshika makasi tuliyokatia karatasi za kufunikia vitabu. Nilidhani anatoa uzi uliochomoza. Akalipasua katikati.

"Wewe," nikasema, na sauti ilinitoka ikiwa ya mtu mwingine. "Umerogwa? Mtoto atalala na nini?"

"Mtoto halali na blanketi peke yake. Analala na majirani pia."

Aliendelea kukata. Sauti ya makasi katika sufu nzito niliisikia kwenye ufizi. Benchi zima lilikuwa limeacha gazeti. Alipomaliza alivipanga vile vipande kwenye saruji kando ya ukuta, pale wanawake walipokuwa wakiketi, kila kimoja cha kumtosha mtu kukalia. Kisha akasimama akatazama waliokuwa mlangoni.

"Hii ndiyo walinipatia," alisema. "Kama imeliwa, tumekula wote. Keti."

Hakuna aliyeketi. Kwetu sote, tuliotoka kwenye viazi na waliotoka kwenye kahawa, anayekula peke yake ndiye huogopwa, na kilichoonjwa na wote hakina wa kulaumiwa. Kila aliyekuwepo alielewa anachoombwa. Akiketi atakuwa ameonja, na hataweza tena kusema bombani kwamba yule mwanamke amelishwa na serikali. Nilitaka kuketi mimi kwanza, lakini hata mimi nilijua kwamba makalio ya mgeni hayangesaidia.

Aliyekuja ni nyanya mmoja mnusa tumbaku, ambaye kwa maneno ya bombani alikuwa kinara. Mwanawe wa kiume alikuwa kambini. Alizunguka vile vipande akivichunguza kama anayechagua kuku, akachagua kimoja, akajishusha kwa mikono na kwa kuugua kwingi. Akatulia. Akajisogeza kidogo.

"Kumbe serikali iko na joto hivi," alisema. "Leo nimeikalia."

Fundi viatu ndiye aliyecheka kwanza, kisha benchi zima, kisha sisi, tukacheka vibaya, tukishika midomo kwa sababu ya askari wa nje. Wanawake wakaingia mmojammoja, wakaketi. Nyanya hakucheka. Alitia mkono kifuani, akatoa barua iliyochakaa kwa kubebwa, akainyoosha mbele. Mwenzangu aliichukua, akachutama goti kwa goti, akasoma kwa sauti yake ile ya chini. Alipomaliza akaikunja palepale ilipokunjwa awali.

"Mimi sijasikia kitu," akasema.

"Najua," nyanya akajibu.

Hapo ndipo memsaabu alipoingia. Aliwatazama wanawake, akatazama wanachokalia. Aliokota kipande kimoja kilichokuwa hakina mtu, akakigeuza huku na huku.

"Hii mimi napatia wewe," alimwambia mwenzangu. "Wewe peke yako."

"Ndiyo, memsaabu. Hiyo peke yangu ndio ilikuwa shida."

Hakuelewa. Niliona ataondoka na kisa cha Mwafrika asiye na shukrani, cha kusimulia kwenye chai, na hasira zikanipanda. Nikamwambia, mbele ya wote, kwamba katika kiwanja kile mtu alivikwa gunia akapitishwa mbele ya foleni, na kwamba aliyeguswa bega alipanda lori, na mume wa huyu aliguswa. Nilisema kwa Kiswahili chepesi ili lisipotee hata neno moja. Aliutazama mkono wake wenyewe. Alivua glavu, akazitia mkobani, akatoka nje, na tangu siku hiyo sikumwona amezivaa tena. Wala hakuna aliyeshukuriwa rasmi mwaka uliofuata, na hakuna aliyelalamika.

Jioni ya siku hiyo ya blanketi tulifunga chumba wawili. Mwenzangu alikuwa mchangamfu, alinitania kwamba viatu vyangu ndivyo vilivyomtisha memsaabu akanipita. Alimbeba mtoto mgongoni, nami nikamsaidia kufunga leso kifuani. Nilifurahi sana siku ile. Nilifunga fundo moja, nikaongeza la pili, nikakaza kama tunavyofunga kwetu kwenye miteremko.

Akacheka kidogo, akafungua lile la pili. Kisha akalilegeza la kwanza, mpaka likabaki la mvuto mmoja, kama siku ile ya kiwanjani.

"Usikaze hivyo," akaniambia. Tukaanza kushuka kuelekea nyumbani.