Kiti cha Dada Hakipati Moto

Fundi umeme wa magari waliyemwita Mlingoti kwa urefu wake alikuwa na kinyongo na kiti. Si viti vyote. Kiti kimoja tu, cha dereva, kwenye gari la dada yake. Zamani kiti kilikuwa kiti: unakaa, unafika, unashuka. Siku hizi kimejaa waya. Asubuhi ya baridi kinakupasha mgongo, mchana wa jua kali kinakupulizia ubaridi, na kimojawapo kikigoma, anayelaumiwa ni fundi.

Dada yake alikuwa mshonaji. Alishona sare za shule na kuzisambaza mwenyewe kwa gari, na miaka ya kuinamia cherehani ilikuwa imemwachia kiuno kisichomwonea huruma. Joto la kile kiti ndilo lililomwezesha kuendesha. Likikosekana, alifika shule ya pili akiwa ameuma meno, na kushuka garini kukawa kazi nyingine. Yeye ndiye aliyemlea Mlingoti baada ya mama yao kufariki. Katika wateja wote wa gereji, ni yeye tu ambaye lawama yake ilimkosesha fundi raha.

Mambo yalianza vizuri. Feni ya ubaridi iliyomo kitini ilikuwa inakoroma. Mlingoti akakifungua kiti, akabadilisha feni, kisha akazikusanya nyaya zote za chini na kuzibana kwenye reli kwa kamba za plastiki, zikalala sambamba kama nywele zilizosukwa. Hiyo ndiyo sifa yake. Mafundi wengine huacha waya zikining'inia ovyo, jambo ambalo yeye hakuweza kulivumilia.

Haukupita muda, dada akarudi.

"Feni safi, mdogo wangu. Lakini tangu uliposhika hapo, joto hakuna. Taa ya swichi inawaka, kiti baridi."

Ile "tangu uliposhika" ilimchoma. Akafungua mlango, akavuta leva, akakisukuma kiti nyuma hadi mwisho, akaingia. Hakufikiri, kwa urefu ule alifanya hivyo kwenye kila gari, kama mtu anavyovua viatu mlangoni. Akabonyeza swichi, akangoja. Joto likampanda mgongoni taratibu.

"Kinapata moto, Dada."

"Kwako."

Akabadilisha fyuzi, basi tu, ili asionekane hakufanya kitu. Dada akaja tena. Akabadilisha swichi. Akaunganisha mashine ya kupimia, nayo ikasema gari halina kosa lolote. Dada alikuwa ameketi kwenye benchi la wateja, mkono kiunoni, akisimulia ya hospitali.

"Nimemwambia daktari kiuno kinauma nikikaa. Akanilaza, akanipiga picha. Picha ikasema sina kitu."

"Ukikaa ndiyo kinauma, halafu anakupima umelala?" Mlingoti alikasirika kwa niaba yake. "Hawa watu hawasikilizi kabisa." Na wakati anasema hivyo, mkono wake ulikuwa unakisukuma kiti nyuma.

Joto likaja, kama kawaida.

"Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake," dada alisema.

"Hiki kiti, Dada, si kitanda." Wenzake wakacheka. Dada naye alitabasamu kidogo siku hiyo.

Aliporudi mara nyingine hakutabasamu. Gereji ilikuwa imejaa, Mlingoti ana gari mbili zilizozimika na mwenye gereji anamfokea. Akapima kwa haraka, akahisi joto, uvumilivu ukamwishia.

"Dada, kiti ni kizima. Nimekipima mpaka nimechoka. Labda ni mawazo."

Mafundi waliokuwa karibu wakainamisha vichwa kwenye injini zao. Dada akaweka ufunguo juu ya meza ya vifaa, polepole.

"Hata wewe," alisema. "Basi kaa nalo hilo gari. Mimi sirudi tena."

Akaondoka kwa miguu, mkono kiunoni. Mlingoti akamwacha aende. Alikuwa na hasira na dada, na kiti, na aliyebuni wazo la kumpasha mtu moto makalioni. Chini ya hasira hiyo kulikuwa na hofu, maana alimjua dada yake: akishasema harudi nyuma.

"Mlingoti, toa hilo gari njiani," mwenye gereji akaita. Lori lilikuwa linangoja kuingia.

Kwa hasira alijitupa garini bila kugusa leva. Magoti yakagonga usukani. Akalitoa gari hivyo hivyo, amekunjamana, akaliegesha kando ya ukuta, na kwa ukaidi akabonyeza ile swichi. Taa ikawaka. Akangoja. Akangoja zaidi. Kiti baridi vilevile.

Akakisukuma nyuma: joto. Akakirudisha mbele, mahali anapokaa mwanamke mfupi ili miguu ifikie pedeli: hakuna.

Alilala sakafuni mwa gari na tochi. Waya wa joto ulikuwa umebanwa kwenye reli bila nafasi ya kupumua. Kiti kikija mbele, ulivutika. Nyuzi za ndani zilikuwa zimekatika bila ganda kupasuka. Kikirudi nyuma, zinagusana. Na kamba iliyoubana ilikuwa yake, imenyooka, nadhifu kabisa.

Akaikata, akaunga waya mpya, safari hii akauachia ulegevu wa kutosha. Kisha akalipeleka gari kwa dada. Leva hakuigusa. Aliendesha njia nzima magoti yakiwa yamebanwa, na alipofika alishuka akichechemea.

Dada alikuwa mlangoni.

"Ulisema kweli," Mlingoti alianza. "Ni waya uliokatika. Ukikivuta kiti mbele ndipo unaachana. Nami ndiye niliyeubana. Nimekuja nimekaa kama wewe, ndiyo nimehakikisha. Joto lipo."

Dada akapokea ufunguo. Hakulitazama gari.

"Mbona unachechemea?"

"Magoti, Dada. Yananiuma kwelikweli."

"Magoti," dada alisema. "Labda ni mawazo."

Mlingoti akacheka, akidhani ni utani. Dada hakucheka. Akabaki amesimama mlangoni, mkono kiunoni, akimsubiri amalize, maana radhi alikuwa bado hajaomba.