Godoro la Uzi Mwekundu

Baba mkubwa wangu, mume wa marehemu dada yake mama, aliendesha malori ya masafa marefu kwa miaka ishirini na sita, na wenzake walimwita Nondo. Jina hilo alilipata ujanani kwa namna alivyokaa kwenye usukani: mgongo umenyooka, shingo imenyooka, hata barabara ikiwa mashimo matupu. Alilipenda kuliko jina alilopewa na wazazi wake. Akipiga simu nyumbani alisema, "Nondo hapa," kana kwamba tungeweza kumfananisha na mtu mwingine.

Niliporudi likizo ya chuo mwaka ule, nondo ilikuwa imepinda. Hakumwambia mtu. Mama aligundua kwa sababu ni mshona magodoro, na kazi hiyo imemzoesha kutazama watu wanavyoinuka. Baba mkubwa alikuja kutusalimia, akakaa kwenye kochi, na alipotaka kuondoka akajifanya anatafuta funguo: akapapasa chini ya mto, akapapasa miguuni, akageuka ubavu, akashika mkono wa kochi, ndipo akasimama. Funguo zilikuwa mezani, mbele ya macho yake.

"Shemeji," mama akasema, "tangu lini?"

"Tangu lini nini?"

"Usinizungushe."

Akachukua funguo mezani. "Yule mpwa wangu akijua, nimekwisha."

Mpwa wake ndiye aliyekuwa meneja wa malori. Baba mkubwa alimlea tangu darasa la tatu, akamfundisha kushika usukani, akampeleka mwenyewe kwa mwenye kampuni kumwombea kazi. Mwaka huo mpwa alikwisha kuwashusha madereva wawili kwa sababu ya migongo. Mmoja wao, mpwa mwenyewe alimsindikiza hadi getini akimwimbia wimbo wa kubembeleza watoto.

Wakati huohuo kampuni ilipokea malori mapya sita. Nyuma ya viti vya kabini mlikuwa na kitanda chembamba cha mbao tupu, na kila dereva alitakiwa achague godoro lake kwa mama, kwenye karakana yetu ya mabati iliyoegemea ukuta wa yadi ya kampuni. Uchaguzi una utaratibu wake. Mama ana sanduku la mbao lenye vipimo vya kitanda cha kabini, ukuta upande mmoja na ubao juu mahali pa paa. Dereva anaweka godoro ndani, analala, anageuka kushoto na kulia, anainuka. Wenzake wanasimama kutazama na kumtania. Akiridhika, mama anakata kona zifuate umbo la kabini, nami naandika namba ya lori. Anayeanza ni dereva wa siku nyingi kuliko wote.

Baba mkubwa hakuweza kuomba godoro gumu mbele ya watu. Ingekuwa sawa na kuvua shati na kuonyesha kidonda. Kwa hiyo mama alimtengenezea moja kwa siri. Chini aliweka sponji iliyoshindiliwa, kingo ngumu za kushika, juu sponji laini unene wa vidole viwili, na akalivika kitambaa kilekile cha bluu kama mengine. Kwenye kona moja alishona uzi mwekundu. Baba mkubwa alilijaribu peke yake Jumapili, akainuka mara moja, akacheka hadi machozi yakamtoka.

"Shemeji, umenifufua."

"Wewe tafuta uzi tu," mama akamwambia.

Jumatatu asubuhi alifika wa kwanza. Alisimama kando ya magodoro sita, mkono wake juu ya lile la uzi mwekundu, akapokea salamu za wenzake bila kusogea. Meneja aliingia mwisho.

"Leo waanze wadogo," alisema. "Wakubwa wamelala vya kutosha."

Watu wakacheka. Baba mkubwa naye alicheka, lakini mkono hakuutoa.

Mdogo kuliko wote alikuwa kijana waliyemwita Marashi, kwa sababu unamnusa kabla hujamwona. Alipita kwenye magodoro yote bila kuyagusa, akaja kusimama mbele ya baba mkubwa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

"Hebu toa mkono."

"Hili gumu, mwanangu. Litakuumiza."

"Kama gumu, mbona umelikumbatia tangu asubuhi kama bibi harusi?" Akawageukia wenzake. "Jamani, mzee wa miaka ishirini na sita anajua utamu ulipo!"

Akalivuta. Hata kulala hakulala; alilibonyeza kwa ngumi juu tu, pale palipokuwa laini, akaniambia, "Andika."

Mama alinitazama, kisu cha kukatia sponji mkononi. Ningeweza kusema lile lina mtu tayari. Sijawahi kuwa hodari wa kusema mbele za watu, na siku ile sikuanza. Niliandika namba ya lori.

Zamu ya baba mkubwa ilipofika lilibaki moja, nene na laini kuliko yote, ambalo wengine walilikataa kwa sababu lilikuwa linawameza. Alilala. Sponji ikashuka, kingo zikapanda, tukabaki kuona tumbo na ncha za viatu.

"Kazikwa!" mmoja akapiga kelele.

"Leteni sepetu!"

Meneja alisogea akainama. "Linafaa, mjomba?"

"Linafaa. Zuri sana."

"Haya." Akatoa simu mfukoni, akaiwasha ihesabu. "Lori linaungua. Toka."

Baba mkubwa alisukuma kwa viwiko, viwiko vikazama. Alijaribu kugeuka ubavu, akashika ukingo, ukingo ukalala chini ya kiganja chake kama mkate mbichi. Meneja alihesabu kwa sauti na madereva wakaitikia, kama watoto wanaocheza kibe. Kufikia kumi na tano, wengine waliacha. Kufikia thelathini alibaki meneja peke yake, na sauti yake haikupanda wala haikushuka. Baba mkubwa alikuwa chali, miguu ikitafuta pa kukanyaga, tabasamu bado limemganda usoni.

Mama alitupa kisu akaenda kumpa mkono. Baba mkubwa aliupiga kofi mkono ule. "Niache!"

"Sitini," meneja akasema, akarudisha simu mfukoni. "Ungeshakuwa majivu, mjomba."

Madereva wawili walimtoa kwa kuliinua godoro upande mmoja na kummwaga.

Jioni ileile alipewa kazi ya kufungua geti la yadi, na kibanda cha kukaa. Meneja alisema mbele ya wote kwamba hawezi kumtupa mtu aliyemlea. Godoro laini akamkabidhi kama zawadi. "Si alilichagua mwenyewe?" Makofi yakapigwa. Baba mkubwa alilisimamisha ukutani kibandani, akalala sakafuni.

Baada ya wiki tatu Marashi alirudi kutoka safari yake ya kwanza, akasimamisha lori getini, na kabla hajasalimia akatupa godoro chini kupitia dirishani.

"Mzee, shemeji yako anashona sponji au saruji? Mbavu zangu zote zinalia. Nipe lako, wewe unalala nalo la nini?"

Wakabadilishana palepale.

Asubuhi yake nilikuwa yadini nikipeleka foronya. Madereva walikuwa wamejipanga mbele ya ofisi kusubiri safari zao. Baba mkubwa alikuja na godoro kichwani, nywele zimechanwa, shati limechomekwa. Alilitandika chini mbele ya mlango wa ofisi, akalala chali. Meneja alitoka na kikombe cha chai.

"Mjomba, inuka. Watu wanakutazama."

"Sema linaungua."

"Mjomba."

"Sema!"

Hakusema. Akasema mtu mwingine, mahali fulani nyuma ya mstari, kwa kunong'ona. Baba mkubwa alishika ukingo, akainuka kwa mkupuo mmoja, akasimama wima kama zamani. Hakungoja. Akalala tena, akainuka tena. Mara ya tatu walishangilia, "Nondo! Nondo!" Mara ya sita walikuwa wanashangilia wakicheka. Mara ya tisa waliangalia viatu vyao. Jasho lilikuwa limelowanisha shati lote, naye bado alikuwa akimtazama mpwa wake usoni kila anaposimama, kama mtoto aliyejibu swali akingoja mwalimu aseme ndiyo.

Nje ya geti lori lilipiga honi. Likapiga tena.

Meneja alipuliza chai yake, akanywa kidogo.

"Vizuri sana, mjomba," alisema. "Sasa kafungue geti."

Baba mkubwa alilichomeka shati lake upya. Kisha akaenda. Niliutazama mgongo wake njia nzima mpaka alipofika kwenye komeo. Ulikuwa umenyooka kabisa.