Niliambiwa wazungu ndio wanaotupa wazee wao. Niliyoyaona Buffalo kwa mzee wa Kiswidi na kwa Auntie wa Guyana

Wakuu, habari za mchana, na habari za usiku kwa mlioko upande ule mwingine wa dunia.

Hii sio chai. Anayetaka chai aende jikoni, humu naweka nilichokiona kwa macho yangu, na sehemu nyingine nilikuwa nimeishika kwa mikono.

Mwandiko mtanivumilia. Shule yangu iliishia la sita, kambini Kigoma. Mwalimu aliondoka kwenda kwao na mimi nikaondoka kwenda kucheza mpira.

Mimi ni Mkongomani wa milima ya Kivu ya Kusini, nimekulia Tanzania, ndio maana Kiswahili changu hakina kabila. Marekani tulifikia Louisville, na wazazi wangu wapo pale pembeni yake, Shively, mpaka leo. Nikapiga kazi warehouse, nikakosana na supervisor. Yeye anadai nilimcheka. Ni kweli nilimcheka.

Nikahamia Columbus kwa binamu, pale Northland. Ukishuka basi Morse Road unanunua sombe, kisamvu chetu, unanyoa nywele na unagombana na mtu wa kijijini kwenu kabla hujavuka barabara. Raha tupu. Shida ni kwamba chumba kimoja tulilala kama dagaa kwenye gunia.

Nikasikia Buffalo nyumba ni rahisi. Hawakuniambia kwanini. Kwanini ni theluji.

Bon, tuingie kwenye mada.

Buffalo nilipanga juu kwa dada mmoja anaitwa Sharmila. Yeye na mama yake wanakaa chini, mimi juu. Wazazi wake walitoka Guyana. Nami nilidhani Guyana iko Afrika magharibi huko, kumbe iko Amerika ya Kusini, na watu wake wengi asili yao ni India, wengine Afrika. Sharmila kazaliwa New York kabisa, lakini kila tukitoka naye mtu lazima amuulize katokea wapi. Mimi hawaniulizi, wananiangalia tu wanajua.

Sharmila ndiye aliyeniingiza kazini. Kazi yenyewe ni kulea wazee majumbani: kuogesha, kulisha, kubadilisha, kupiga stori. Yaani mwenye nyumba wangu ndiye mwenzangu kazini. Nikichelewa kodi najua kesho tutakutana kwa mzee tunakunja shuka pamoja.

Sasa kuna kitu kilikuwa kinaniuma kichwa mapema kabisa.

Mimi siku zote nilijua tatizo letu wakimbizi ni Kiingereza na makaratasi ya shule. Mtu huna hivyo, utasukuma mikokoteni mpaka uzeeni. Haya. Hawa wa Guyana Kiingereza wamezaliwa nacho. Marehemu baba yake Sharmila alikuwa mwalimu kwao, huku akawa mlinzi wa geti mpaka anakufa. Mama yake alikuwa karani ofisi ya serikali, huku akalea wazee wa watu mpaka mapafu yakagoma. Sharmila mwenyewe ana diploma ya uhasibu, na bado anailipia.

Diploma yake na la sita langu vinavaa glavu zile zile, mshahara ule ule.

Nikamwuliza siku moja, "Dada, sasa shule ilikusaidia nini?"

Akanijibu bila kuniangalia, "Kuhesabu ninavyoibiwa."

Mzee tuliyekuwa tunamlea anakaa Amherst, pembeni ya Buffalo, huko kwenye majani yaliyonyolewa vizuri kuliko kichwa changu. Jina lake mzee Carl. Babu yake alitoka Sweden. Sebuleni kuna picha ya huyo babu, masharubu kama brashi ya viatu, amesimama mbele ya kiwanda cha fanicha huko kusini, mwendo wa gari kutoka hapa.

Mzee Carl mtu mzuri, nisimsingizie. Anapenda stori. Siku moja namkata kucha akaniambia, "Kijana, babu yangu alishuka melini hana kitu kama wewe. Kazi tu. Ukifanya kazi nchi hii itakulipa."

Nikamwuliza alianzaje anzaje.

Akaanza kuhesabu kwa furaha. Babu alikuta msimamizi wa kiwanda ni Mswidi. Kanisa la Kiswidi. Duka la Kiswidi linalokopesha. Mchungaji akamtafutia mke, Mswidi. Baba yake Carl akaenda jeshini, akarudi, serikali ikamsaidia kusoma na kupata mkopo wa nyumba. Carl mwenyewe akawa injinia, kampuni ikamwekea pensheni. Kuna na nyumba ya ziwani, ya babu, wajukuu wanaenda kuogelea.

Nikamwambia, "Mzee, babu yako alishuka hana kitu, lakini inaonekana kitu kilikuwa kinamsubiri bandarini."

Akacheka mpaka akakohoa. Sharmila alikuwa anakunja nguo pale, hakucheka.

Tukiwa kwenye gari akaniambia, "Baba yangu naye alisikia hayo ya kazi tu. Akafanya kazi tu."

Akawasha redio.

Sasa wakuu, mimi nimelelewa na wimbo mmoja, na nyie mmeuimba: wazungu hawana upendo, wanatupa wazee wao. Mama yangu akinipigia kutoka Shively lazima aseme, "Donc wewe unalea wale watoto wao wameshindwa kulea. Sisi bahati yetu tuna watu."

Nami nilikuwa naitikia. Unajisikia tajiri kidogo.

Halafu nikaanza kuangalia vizuri. Kwa mzee Carl, jumapili nyumba inajaa. Mwanae wa kiume, Dave, anakuja karibu kila siku, anamnyoa ndevu mwenyewe. Mabinti wanapika. Wajukuu wanamlalia miguuni. Wana muda. Kazi zao zinawaruhusu kutoka mchana, mishahara haikatwi. Upendo wao umelipiwa likizo.

Chini ya nyumba yangu sasa. Auntie, mama yake Sharmila, anashinda peke yake na mashine ya oxygen. Mashine inanguruma kama paka mwenye mafua, mrija mrefu puani, anatembea nao jikoni, chooni, dirishani. Mwanae anayempenda kuliko pumzi yuko Amherst anamlisha uji baba wa Dave.

Nikiwa off nashuka kukaa naye. Ananitania kuanzia mlangoni. "Haya, Radio Kongo imefika. Punguza sauti, hiyo hewa ni yangu."

Tuliishi hivyo. Mpaka siku ya theluji.

Asubuhi Sharmila aliwahi shift kabla haijachanganya. Haijafika saa sita, nje hakuna barabara, kuna ukuta mweupe. Mji ukapiga marufuku magari. Mimi nilikuwa off, nikashuka kwa Auntie na mahindi ya kuchoma. Ndio, kwenye oven. Acheni.

Tumekaa, umeme ukakata.

Ile mashine ikapiga kelele moja ndefu halafu kimya. Sijawahi kusikia kimya kinachotisha vile.

Kulikuwa na mtungi mdogo wa akiba. Nikampigia Sharmila, akanielekeza: fungua hapa, geuza hapa, weka hewa kwenye namba mbili. Sauti yake imetulia kabisa, sauti ya kazini. Auntie akapata hewa. Lakini mtungi ule ni wa kumpeleka mtu kliniki na kumrudisha, sio wa kukaa nao siku.

Heater nayo imekufa na umeme. Nikasema niwashe jiko la gesi tupate joto. Sharmila akanikata, "Usiguse moto karibu na oxygen, utanilipulia mama." Kwahiyo ikawa uchague, kupumua au kuota moto. Nikamfunga mablanketi yote ya chini na ya juu, na kitenge cha mama yangu kichwani. Akasema amekuwa Mkongomani kwa nguvu.

Tukapiga namba ya dharura. Wakasema watu ni wengi, barabara zimeziba, watakuja.

Sasa sikilizeni upande wa Amherst, Sharmila alinisimulia mwenyewe baadaye.

Kule umeme nao ulikata. Taa zikazima, wakahesabu kama pumzi moja, zikawaka. Jenereta ya ukutani, inajiwasha yenyewe. Mzee Carl hata hakuacha kunywa supu.

Na Dave alikuwepo. Alikuja asubuhi ile ile, marufuku imeshatangazwa, na pickup yake yenye lile jembe la kusukuma theluji mbele. Alimwambia baba yake kwa kujisifu, "Nilijua watanikamata, lakini siwezi kukuacha peke yako."

Sharmila akamfuata gereji. Akamweleza mama yake, mtungi, kila kitu. Akamwomba ampeleke, au ampe ile jenereta ndogo ya nyumba ya ziwani iliyokuwa pale kwenye kona, atajua mwenyewe ataifikishaje.

Dave akasikitika. Sio kwa kuigiza, alisikitika kweli. Akasema, "Sharmila, kuna driving ban. Siwezi kuhatarisha leseni. Na tukiondoka wawili nani atabaki na Dad?"

Sharmila anasema wakati huo theluji ya asubuhi ilikuwa bado inadondoka kutoka kwenye matairi ya ile pickup, tone tone, kwenye sakafu ya gereji.

Ya jenereta Dave hakuyagusa kabisa. Dave akampigia simu mtu wa zimamoto anayemfahamu, akamwekea Sharmila mkono begani, akamletea kahawa.

Huku mimi naangalia mshale wa mtungi, ule unaoonyesha hewa iliyobaki. Sharmila akanipigia, "Shusha, weka kwenye moja." Nikashusha. Midomo ya Auntie ikaanza kuwa rangi ya zambarau.

Mimi nikiogopa naongea. Nikaanza kumsimulia ya kambini, mbuzi aliyekula kitambulisho cha mjomba, sijui nini. Auntie akainua kidole. "Kijana. Nisaidie kunyamaza."

Nikanyamaza. Nilimshika mkono tu. Wakuu, mimi kunyamaza ni kazi ngumu kuliko zote nilizofanya Marekani.

Zimamoto walifika kwa miguu, wanavuta kitu kama sleji, kigari cha theluji kisicho na magurudumu. Mshale ulikuwa umelala kwenye sifuri. Walimkuta anahema kama samaki lakini anahema. Wakamfunga, wakamburuta kwenye theluji hadi gari lao lililokwama kona ya mtaa.

Hakufa. Najua kuna watu mlishaandika pole.

Kilichofuata ndicho kinaniuma.

Hospitali walimtibu vizuri. Alipopata nafuu wakamwuliza Sharmila, mchana nani yuko nyumbani na mgonjwa? Akasema, "Mimi niko kazini, labda huyu mpangaji wangu akiwa off." Wakasema hatuwezi kumruhusu arudi kwenye nyumba isiyo na mtu. Mtasema basi wamletee mtu wa kumlea nyumbani, kama anavyolelewa mzee Carl. Huduma hiyo mzee Carl analipiwa na pensheni na watoto. Auntie bima yake ilimpa masaa machache ya mtu wa kumwogesha tu. Sharmila aache kazi? Akiacha, benki inachukua nyumba, na mimi wa juu ninatoka na begi.

Auntie akapelekwa nursing home, nyumba ya kutunzia wazee.

Kwa hiyo mzungu wetu asiyejua upendo yuko nyumbani kwake anaangalia ndege dirishani. Na mama aliyelea wazee wa Marekani mpaka mapafu yakaisha ndiye aliyetupwa. Na aliyemtupa, kama tunavyopenda kusema, ni binti ambaye nilimwona amelala sakafuni pembeni ya kitanda cha mama yake majira mazima.

Sharmila akafanya hesabu zake za diploma. Akaacha Amherst, akaomba kazi kwenye hiyo hiyo nursing home, ili amlee mama yake na alipwe. Wakamchukua haraka, watu hawapo.

Wakampanga ghorofa ya tatu. Mama yake yuko ya kwanza. Utaratibu wao, mfanyakazi hapangwi kwa ndugu yake.

Anaogesha mama za watu juu, halafu wakati wa break anashuka mbio, anakuta mama yake ameshaogeshwa na mtu mwingine. Juzi amemkuta kavalishwa sweta ya mtu. Akaivua, akaanza upya.

Nafasi yake kwa mzee Carl nimepewa mimi. Mzee ananiuliza, "Sharmila yuko wapi? Alikuwa kama familia." Dave naye alituma maua, makubwa. Mimi ndiye niliyeyapeleka.

Nimejifunza nini? Sisemi Waswidi wabaya, msinirushie mawe. Dave angekuwa mimi na mimi ningekuwa Dave, sijui ningewasha gari la nani. Nasema hivi: tusijisifie upendo. Wale walikuja zamani, wakakuta viti, wakakalia, wakawarithisha watoto viti. Hawa wa Guyana walikuja na vyeti na Kiingereza cha malkia, wakaambiwa wasimame wawashikilie waliokaa. Na sisi wa juzi tumepanga foleni nyuma yao. Upendo wanao wote. Muda wa mchana ndio si wote wanao.

Mama yangu huko Shively magoti yameanza kukataa warehouse. Hajasema, ila kwenye simu namsikia anavyokaa chini, anavuta pumzi kwanza. Juzi akauliza nitarudi lini karibu nao. Nikamtania, tukacheka, nikabadilisha mada.

Wakuu mlioko huku, hasa mlio na wazee ndani: ninyi mkiwa kazini, mchana mzee wenu anabaki na nani? Nijibuni kweli, sio majibu ya kwenye harusi. Natafuta namna, na bado sijaiona.