Nyanya Aliyetolewa Nje Pamoja na Watoto

Mwezi uliopita nilikuwa Meru mjini, sehemu za Kinoru, nimealikwa kanisani na mpwa wangu. Lilikuwa kanisa la mabati, changa bado, lenye spika kubwa kuliko mlango wake. Baada ya mahubiri, kijana mmoja wa bodaboda aliyeokoka asubuhi hiyohiyo aliingizwa kwenye tangi la plastiki lililokatwa juu, akazamishwa, akatoka akitetemeka. Kabla nywele hazijakauka alikuwa ameshapewa mkate na kikombe. Mama mmoja wa rika langu akaninong'oneza, "Haki huyu hata hajaiva. Si angengoja kidogo?" Nilimgeukia kwa hasira iliyonishangaza mwenyewe. "Angoje nini?" nikamwuliza. Yeye sikumweleza. Acha nikueleze wewe.

Mimi nililelewa Kanyakine, kwa nyanya yangu mzaa mama. Mama alikuwa mwalimu huko Karurumo, upande wa Embu, akija likizo na kurudi, kwa hiyo mtu niliyemjua ni nyanya. Niliamka kwa sauti yake akipuliza moto, na moshi, na uji wa wimbi uliochacha vizuri ukachemka mpaka ukamwagikia mafiga. Kazi yangu ilikuwa kuchota maji, kuwakatia mbuzi majani, na msimu wa kahawa kuchambua: nyekundu huku, kijani kule, mpaka vidole vinate. Harufu ya maganda yanayooza kule kiwandani ilipanda mlima pamoja na ukungu. Watu wa mjini huiita uvundo. Mimi nikiipata leo hupunguza mwendo, nikavuta pumzi.

Nyanya aliamini kwa sababu ya mvua. Hakuwa mtu wa kanisa. Jumapili kwake ilikuwa siku ya kupalilia migomba bila kelele za majirani. Siku moja mvua ya mawe ilimkuta njiani akitoka kununua chumvi, akakimbilia mlango wa kanisa, akaketi benchi la nyuma na kiondo chake magotini. Alisema mwenyewe kwamba aliingia asilowe, akatoka akiwa ni wa Mungu. Kilichohubiriwa hakuwahi kutuambia. Lakini kesho yake alimwaga pombe ya miwa iliyokuwa ikichacha nyuma ya jiko, kisha akaenda kwa jirani aliyenuniana naye miaka mingi kwa sababu ya mpaka wa shamba, akamwambia yaishe. Kwa anayemjua nyanya, hilo la mpaka lilikuwa ajabu kuliko la pombe.

Jioni hiyo akaenda kwa mwalimu wa katekisimu akataka abatizwe Jumapili inayofuata. Mwalimu akacheka. Kanisani kwetu mambo hayakwenda hivyo. Aliyeamini alisomeshwa kila Jumamosi kwa msimu mzima, kisha akahojiwa na wazee wa kanisa. Akipita ndipo abatizwe, halafu asomeshwe tena ndipo aikaribie meza ya Bwana. Aliyekosa masomo alianza upya. Walisema hayo yote ni ya kuilinda meza. Nyanya aliuliza inalindwa dhidi ya nani.

Sasa, Jumapili ya meza ilikuwa hivi. Mahubiri yakiisha, mzee mmoja wa kanisa alisimama akatangaza kwamba watoto wote na wasiobatizwa watoke. Tulitoka, na mlango ukafungwa nyuma yetu. Na katikati ya sisi watoto, huku akishikilia ukuta kwa sababu ya magoti, alitoka nyanya yangu. Watu wazima wengine waliokuwa hawajabatizwa walijificha; walibaki nyumbani siku hiyo kuepuka aibu. Yeye alivaa leso yake nzuri akaja kutolewa.

Tulikaa kwenye nyasi kando ya ua wa michongoma, naye akafungua kiondo. Palikuwa na ndizi za kuchoma, magimbi baridi, nduma kwetu, parachichi lililoiva, na kibuyu cha uji kilichozungushwa kutoka mdomo hadi mdomo. "Hakuna mtoto atakaa na njaa kama watu wanakula huko ndani," alisema, kwa Kimeru cha sauti kubwa kilichopenya madirishani. Watoto waligombania kuketi karibu naye. Kutoka ndani tulisikia ule wimbo wa polepole wa meza, nasi tuliuimba huku nje midomo imejaa nduma. Mwalimu wangu wa Jumapili alituonya kwamba tunafanya mzaha na vitu vitakatifu. Nilikataa kumwamini nikiwa mtoto, na sasa nina mvi na bado nakataa.

Shida ya nyanya ilikuwa Jumamosi. Kiwanda kilipokea kahawa Jumamosi, na kahawa iliyoiva haingoji mtu. Ukiiacha inakaukia mtini. Alikosa masomo msimu wa kwanza, akaambiwa aanze upya. Msimu wa pili vilevile. Watoto alioanza nao walibatizwa wakaanza masomo ya meza, yeye akabaki na kundi jipya. Mwaka ambao kahawa ilishambuliwa na ugonjwa, hakukosa hata siku moja, akafika mbele ya wazee. Amri zote alizijua. Wakamwuliza kwa nini anataka kubatizwa. Akajibu, "Ng'ombe hutiwa alama kwa sababu ana mwenyewe. Mimi nina mwenyewe tayari. Nitieni alama." Wazee wakaona ana kiburi, wakamrudisha akajifunze unyenyekevu.

Alirudi nyumbani akachemsha maziwa kama kawaida. Nilipomchungulia nikaona analia, na mkono unaendelea kukoroga. Siku hiyo ndiyo nilianza kuwachukia wale wazee, na siombi radhi.

Msimu wa baridi uliofuata alishikwa na kifua. Mama alikuja kutoka Karurumo, akaniangalia, akaangalia kitanda, akatoka nje kulia. Hofu yake ilikuwa ya kueleweka. Asiyebatizwa hakuzikwa na kanisa. Hakuna ibada, hakuna kwaya, familia inafukia mtu wake kimya na watu wanasimama mbali. Ndipo mwalimu wa katekisimu akamleta mchungaji, na bakuli dogo la maji.

"Shosho, tumekuja kukubatiza," mchungaji alisema.

"Leo?"

"Leo, hapa hapa."

"Na maswali?"

"Mgonjwa haulizwi maswali," mwalimu akasema. "Ndio sheria."

Nyanya akajiinua kwa kiwiko. Nilimwekea mto mgongoni. "Kai! Nikiwa na miguu sikuwa najua kitu. Sasa nakaribia kufa ndio nimehitimu?"

"Mama, kubali tu," mama yangu akamsihi. "Unataka tukuzike kama nani? Hawatakuimbia."

"Wasiniimbie. Mimi sibatizwi kwa sababu watu wanaogopa nitakufa. Kama inawezekana bila maswali kitandani, inawezekana bila maswali kanisani. Nibebeni Jumapili. Nikienda kabla ya hiyo, Mungu ananijua."

Mwalimu alianza kusema habari ya sheria tena. Mchungaji alikuwa akiyatazama yale maji kwenye bakuli. Aliyatazama sana, kisha akatoka akayamwaga kwenye mboga, akarudi na bakuli tupu. "Jumapili," akasema.

Siku zile sikulala vizuri. Nilisikiliza pumzi yake na kumwomba Mungu amwache mpaka Jumapili, tena sikumwomba kwa adabu.

Walimbeba kwa kiti cha jikoni, majirani wanne, wakipokezana mteremkoni. Alibatizwa mbele ya watu wote, wakiwemo wale wazee waliomwita mwenye kiburi. Kisha tangazo likaja kama kawaida: watoto watoke. Nikauachia mkono wake. Mlango ukafungwa, naye yuko ndani, nami niko nje peke yangu kati ya watoto, bila kiondo. Nilipanda jiwe nikaning'inia dirishani. Mchungaji alimletea kipande cha mkate pale kitini. Alikigeuza kiganjani, kidogo hivi.

"Ni hii tu?" akauliza, na sauti ikanifikia. "Ni hii tu mlikuwa mnaninyima?"

Mzee mmoja aliinamisha kichwa. Nyanya akala, taratibu, machozi yakimshuka mpaka kidevuni, na mchungaji akasimama na kikombe mpaka alipomaliza.

Alikufa kabla kahawa haijaiva tena. Aliimbiwa na kanisa zima.

Nilipita pale kanisani kwetu juzi. Nyasi zimewekwa matofali, michongoma imeng'olewa, watoto wamejengewa darasa lao na hawatolewi tena. Wazee wale wote wamezikwa. Watu huniambia kwamba zamani kanisa lilikuwa na utaratibu, kwamba siku hizi imani ni ya haraka mno. Huenda. Lakini mimi naijua zamani hiyo. Nilikaa nje yake. Ninapoitamani, naona watu waliokaa kwenye nyasi, na ladha ya nduma baridi. Wale waliokuwa ndani, mlango umefungwa, sikumbuki hata sura zao.