Pikipiki ya Stima na Mbwa Yangu Simba

Leo mbwa yangu mwenyewe amenipandisha juu ya mti. Msicheke!

Hapa Nyeri muuzaji amenipa pikipiki mbili za stima, hizi za kuchaji, nijaribu, nichague moja.

Ya kwanza inalia kama mbuzi.

Ya pili iko kimya kabisa. Nimetoka nayo Sagana nikiacha upepo nyuma!

Sasa, Simba hunijua kwa kelele ya pikipiki yangu ya zamani. Leo hakusikia kitu. Aliona tu helmeti ikiingia boma.

Bibi yangu akanipata juu ya mti wa avokado.

“Baba Wambui, unafanya nini huko?”

“Naangalia kama zimeiva.”

“Na helmeti?”

“Je, zikiniangukia?”

“Wewe chukua ile ya mbuzi.”

Ati mimi? Nimechukua ya kimya.

Nani anataka mbwa?